Mwaka Tulipoinyamazisha Kompyuta

Mwezi uliopita tulimzika Mama Paulo kwake Maretadu, na katikati ya mazishi kukatokea kimya ambacho vijana wa spika walidhani ni hitilafu. Kwaya ilikuwa imemaliza kuimba na mchungaji amefunga kitabu chake. Paulo mwenyewe, ambaye nilimfahamu akiwa bado hawezi kufunga vifungo vya shati, akasimama kando ya kaburi la mama yake akasema bado kuna wimbo mmoja. Akabonyeza simu. Spika haikutoa kitu. Kijana aliyekuwa karibu na betri akainama kukagua waya, mwingine akaigonga spika kwa kiganja, na watu wakaanza kukohoa kama wanavyofanya wakichoka kusubiri. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, jirani na mzee Bura, mume wa marehemu. Katika umati ule ni sisi wawili tu tuliojua kwamba spika ni nzima na wimbo umeshaanza. Ndivyo ulivyoanza tangu siku uliporekodiwa, kwa kimya. Nakijua kimya kile kwa sababu nilikitengeneza mimi, kwa bisibisi moja na mkasi wa kukatia vitenge, mwaka ule nilipokuwa Katesh.

Siku hizi nina duka langu la ufundi Babati, nina miwani na mvi za kutosha, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu wananiita Mama Kompyuta. Wakati ule nilikuwa Vero tu, msichana wa Nangwa aliyemaliza kidato cha nne na kusoma kozi ya kompyuta Arusha, akarudi akijiona anajua kila kitu. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya bado, hata wazee walikuwa wakiulizwa wanatoka mkoa gani wanajibu Arusha, kisha wanajisahihisha huku wakicheka. Soko huria lilikuwa limeshatuletea simu za mkononi, mitumba ya kila aina na picha za video za harusi. Mama Zuhura, mjane wa Kirangi aliyekuwa akiuza vitenge karibu na stendi, aliona mbali kuliko wanaume wengi wa mji ule. Alinunua kompyuta, kamera na maiki, akafungua studio kwenye chumba cha nyuma ya duka. Asubuhi tulikuwa tunahariri harusi na kipaimara, na kwaya zikija tunarekodi nyimbo. Hakuwa anajua kuiwasha mashine yenyewe. Alinichukua mimi, akanipa kitanda kwenye chumba cha binti yake aliyeolewa Singida, na akaniambia jambo moja tu: "Mwanangu, humu ndani tunakula pamoja. Ukichelewa chakula, nitajua una jambo."

Naomba nikieleze chumba kile, maana nusu ya hadithi hii ni chumba. Kilikuwa na dirisha moja lenye wavu, mazulia ya zamani yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi, na meza moja ambayo kompyuta ilikaa juu yake na maiki ikasimama mbele yake. Nafasi ya kuzitenganisha haikuwepo. Ukuta wa kushoto ulipakana na mashine ya kusaga, ambayo haikuwa ikianza mpaka jua liwe juu. Ukuta wa kulia ulikuwa wa mpangaji mwingine. Niliwahi kumwomba mwenye nyumba tutoboe tundu ili kompyuta ikae uani, maana upande wa dukani palikuwa na pazia tu, naye akaniuliza kama na kwetu Nangwa tunatoboa nyumba za watu. Kwa hiyo mashine na mwimbaji walilazimika kukaa chumba kimoja. Kwaya ya watu thelathini ikiimba, hapakuwa na shida, kwaya inafunika kila kitu. Shida ilikuwa ni mtu mmoja mwenye sauti ndogo.

Kompyuta ile ilikuwa inanguruma. Chanzo hasa kilikuwa kadi ya picha, kile kibao cha ndani kinachopeleka picha kwenye kioo. Kilikuwa na kifeni chake, kidogo kama kifuniko cha chupa ya chai, na kinazunguka kwa hasira isiyolingana na umbo lake. Vumbi la Hanang lilikuwa limekiingia, kikawa kinalia kwa sauti nyembamba isiyokoma. Kuitoa kadi hatukuweza, kwani bila hiyo kioo kingebaki cheusi. Na Mama Zuhura, kwa mapenzi yake yote, alikuwa anazidisha ugonjwa. Mnajua desturi yetu: redio, televisheni, hata kiti cha mgeni, lazima kiwe na kitambaa cha kufuma. Yeye alikuwa ameifumia kompyuta kitambaa kikubwa cheupe chenye maua ya zambarau pembeni, kinaifunika kuanzia juu hadi nyuma, pale pale kwenye matundu ya kutolea joto. Mimi nakitoa asubuhi, yeye anakirudisha nikienda chooni. "Mama, inapata joto," nilimwambia. "Na hii baridi ya Katesh?" akanijibu. "Acha ipate joto, maskini. Na kitu cha thamani hakikai uchi." Basi kifeni kilizidi kupiga kelele, naye akazidi kuishangaa mashine iliyovishwa vizuri hivyo inalalamikia nini.

Mama Paulo alikuja mwezi wa tano, mahindi yakiwa yanakomaa. Jina lake la ubatizo lilikuwa Agripina. Alikuwa mwimbaji wa mbele wa kwaya yao, na waliowahi kumsikia zamani walisema akiimba peke yake hata watoto mgongoni walinyamaza. Mimi nilipokutana naye, shingo yake ilikuwa imevimba kwa uvimbe wa tezi, aliouficha kwa mtandio, na sauti yake ilikuwa imebaki ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alikuwa na umri wa kunizidi kama miaka kumi na tano. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akakaa akiangalia mlango. Aliyeongea ni mume wake, Bura, mkulima mrefu mwenye haya, ambaye mikono yake hakujua aiweke wapi ndani ya chumba chenye vitu vingi vya kuvunjika.

"Hospitali wamempangia upasuaji baada ya mavuno," alisema. "Daktari ametuambia wazi. Uvimbe utatoka, lakini sauti inaweza kubadilika. Inaweza hata isirudi. Sasa mimi nataka ule wimbo wake ubaki."

Wimbo wenyewe alikuwa ameutunga mwenyewe kwa Kiiraqw, wa kumshukuru Mungu kwa mvua ya kwanza, na alikuwa akimlaza nao Paulo kila jioni. Nilimkalisha mbele ya maiki siku hiyo hiyo. Kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo, ilinibidi niipandishe maiki mpaka mwisho, na maiki ikipanda haichagui cha kusikia. Tuliposikiliza, feni ilikuwa mbele na Mama Paulo nyuma yake, kama mtu anayeongea jikoni wakati mashine ya kusaga inafanya kazi. Nikajaribu kuichuja ile kelele kwa programu niliyofundishwa Arusha, ikaondoka na nusu ya sauti yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni, akasema kwa upole, "Basi. Sauti imeshindana na feni, imeshindwa." Bura akatazama sakafuni. Niliona aibu kubwa, maana ile kelele nilikuwa nimeishi nayo tangu mwaka uanze bila kuiona ni tatizo.

Walikaa chakula cha mchana, kwa sababu kwa Mama Zuhura hakuna mtu wa safari aliyeondoka na njaa. Kulikuwa na makande yenye maharage mengi kuliko mahindi, na chai ya maziwa. Mimi nilikuwa dukani nikimkatia mteja kitenge, na kati yangu na wao kulikuwa na pazia tu. Nikamsikia Mama Paulo anamwambia mume wake, kwa Kiswahili ili asionekane anamsengenya mwenyeji wao kwa lugha asiyoijua, "Mimi sijaitaka hii kitu, Baba Paulo. Umenileta tu." Bura akauliza kwa nini. Mama Paulo akasema, "Sauti ikiondoka, nyie mtakuwa mnaisikiliza hiyo ya kwenye sahani ya CD, na mimi nimekaa hapo hapo. Itakuwa kama nimekufa nyumbani kwangu mwenyewe." Nilisikia kijiko cha Bura kinagusa bakuli, halafu akasema, "Mimi nataka Paulo ajue. Ana miaka minne. Atasahau." Sikusikia jibu, maana Mama Zuhura aliingia akawaongezea makande kwa nguvu, na mteja wangu alikuwa ananiuliza kama kitenge hiki kinachuja rangi.

Nilipowasindikiza stendi nikawaahidi kitu ambacho sikujua nitakifanyaje. Nikasema waje tena kabla ya safari ya hospitali, na mashine itakuwa imenyamaza. Mama Paulo akanitazama kwa huruma, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeahidi kujenga ghorofa. Bura ndiye aliyeniamini.

Simu ya Mama Zuhura ilikuwa inapata mtandao vizuri sehemu moja tu, nyuma, kando ya banda la kuku. Hapo ndipo nilipojifunza nusu ya kazi yangu, nikiwa nimesimama kwenye kinyesi cha kuku, nikizungumza na fundi mmoja wa Arusha anayeitwa Lema aliyekuwa akiuza vipuri. Lema aliniambia vipo vipoza joto vya kununua pembeni, vya kubandika mahali pa kile kifeni cha kiwandani, na yeye alikuwa navyo vya aina tatu. Cha kwanza kilikuwa kifeni kingine kama kile kile. "Hicho utakifunga kwa dakika tano," alisema, "na kwa vumbi lenu, kabla ya Krismasi kitakuwa kinalia kama mwenzake." Cha pili kilikuwa cha shaba, kikubwa, chenye feni pana inayozunguka taratibu. Hicho ndicho alichokisifia, alisema watu wote wa Arusha wanaotaka utulivu wanachukua hicho. Cha tatu hakikuwa na feni kabisa. Kilikuwa na mabati membamba mengi yaliyopangwa kama kurasa, na mabomba yanayopokea joto la kadi na kulipeleka kwenye hayo mabati. "Hicho kipo kimya kabisa," alisema, "lakini sikushauri, dada. Hakina cha kusukuma hewa. Dar kadi itaungua. Hata hapa Arusha nina wasiwasi nacho."

Mama Zuhura alitaka kile cha shaba, kwa sababu alikuwa muumini wa vitu vizito. Bura, aliyekuwa amepita kuuza maharage, akatukuta mezani tunabishana, akatania, "Mchagua jembe si mkulima, binti." Nikamuuliza, "Na asiyechagua mbegu je, baba?" Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini alikuwa amenichoma kidogo. Nilikuwa naogopa. Kompyuta ilikuwa moja tu, ndiyo iliyotulisha, na nikiunguza kadi hapakuwa na studio wala wimbo.

Aliyenitoa kwenye woga ni mkasi. Mama Zuhura kila akitaka kujua kama gauni litamtosha mteja ambaye hayupo, alikuwa akikata kwanza kwenye gazeti. Nami nikamwambia Lema anipimie vile vipoza kwa rula, urefu, upana, unene, na umbali kati ya matundu ya skrubu, akanitajia huku akinung'unika. Nikakata maboksi ya viatu, nikayabandika kwa gundi, nikapata kipoza cha shaba cha boksi na kipoza cha mabati cha boksi. Nikafungua kompyuta, nikavipachika. Kile cha shaba kilinenepa chini ya kadi mpaka kikalalia kadi ya sauti, ile ile inayopokea maiki. Yaani tungepata utulivu na kukosa pa kuchomeka maiki. Cha mabati kilipanda upande wa juu wa kadi, kuelekea katikati ya kasha la kompyuta ambako palikuwa na nafasi, kikapita kando ya feni ya prosesa, ule ubongo wa mashine, bila kugusana. Mama Zuhura alikishika kile cha shaba cha boksi, akakigeuza, akasema kwa huzuni, "Kumbe hakimtoshi." Alikuwa ameelewa yote.

Nikarudi bandani kwa kuku. "Lema, nataka kisicho na feni." Akaguna. Nikamuuliza yeye amevaa nini wakati huo. Akasema shati. Nikamwambia mimi hapa ni saa sita mchana, nimevaa sweta mbili na koti la mitumba, na mlima Hanang umejifunika wingu tangu asubuhi. "Basi kwa huko kinaweza," alisema, "ila laza kasha ubavu, hayo mabati yasimame wima, hewa moto ipande yenyewe. Na kasha lisizibwe mahali popote." Hilo la kupanda nilielewa mara moja, yeyote aliyekulia kwenye jiko la kuni anajua moshi unatafuta njia ya juu. Tatizo lilikuwa hilo la kutozibwa, kwa nyumba ya Mama Zuhura.

Kipoza kilifika ndani ya robota la vitenge, kimeviringishwa kwenye khanga ili kisipinde. Nilikifunga siku nzima. Niling'oa kile kifeni cha zamani, nikafuta dawa kavu ya kupitisha joto iliyokuwa chini yake, nikapaka mpya nyembamba kama siagi ya mtu bahili, nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu ili kisiegemee upande mmoja. Nikalilaza kasha ubavu, matundu yake wazi. Nilipowasha, nilidhani nimeharibu. Ilibaki sauti ndogo tu ya feni ya prosesa na ile ya kisanduku cha umeme, kama mtu anayepumua usingizini, na taa ya kijani. Niliweka harusi moja ya Gendabi icheze kuanzia asubuhi hadi jioni, kila mara naingiza mkono kugusa mabati. Yalikuwa na joto la kikombe cha chai unachoweza kukishika. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Mama Zuhura, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, naye akaniambia, "Haya, haya, kale ule."

Tulikula. Ilikuwa ugali na maziwa mgando, na nilikula sana, nikisimulia kila skrubu. Niliporudi chumba cha nyuma nikakuta kioo kimejaa mistari ya kijani na pinki, bwana harusi amekatika vipande, na juu ya kasha kuna kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau. Nilikivuta, nikachomoa waya ukutani. Mabati hayakushikika. Mama Zuhura alikuwa mlangoni, amejishika kifua. "Nilijua umeizima," alisema. "Haikuwa na sauti yoyote. Nikasema mtoto amechoka, amesahau kuifunika." Sikuweza hata kukasirika, kwa sababu alikuwa na haki. Katesh nzima ilijua kompyuta inayofanya kazi inanguruma, na isiyonguruma imezimwa. Tulikaa wote wawili kwenye mkeka tukisubiri ipoe, yeye anavuta tasbihi, mimi naomba kwa namna yangu. Tulipoiwasha tena, bwana harusi akarudi mzima. Mama Zuhura akachukua kitambaa chake, akakitazama, akaenda kukiweka kabatini bila mimi kusema neno. Najua ilimuuma. Kukifuma kulimchukua msimu mzima wa mvua.

Mama Paulo na Bura walifika mapema asubuhi, mashine ya kusaga ikiwa bado imefungwa, wakiwa njiani kwenda hospitali. Mfuko wao wa safari ulikuwa na blanketi, sufuria na Biblia. Paulo alikuwa ameachwa kwa shangazi yake. Mama Paulo alikunywa chai, akaingia chumbani, akakaa mbele ya maiki amejikunja kama mtu anayesubiri sindano. Kioo nilikuwa nimekigeuzia kwangu. Mimi nilikuwa na desturi, na ninayo mpaka leo, ya kuanza kurekodi kabla mwimbaji hajawa tayari, ili nipate kimya cha chumba chenyewe, maana kila chumba kina cha kwake. Nilikuwa nimevaa hedifoni nasikiliza kimya hicho, kwa mara ya kwanza ni safi, nikimsikia hata anavyomeza mate kwa shida. Akainua uso, akatazama taa ya darini iliyokuwa imezimwa kwa kuwa ni asubuhi, akatazama kasha lililolala, taa yake ya kijani ikiwa upande wangu.

"Mbona kimya?" akauliza. "Umeme umekatika?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Bura, aliyekuwa ameegemea zulia la ukutani, akanitangulia.

"Endelea tu, Mama Paulo."

"Basi ngoja nipashe koo," alisema, "mpaka urudi."

Akaimba. Hakuuimbia mchungaji wala kwaya, wala mimi. Alifumba macho akauimba wote kama alivyokuwa akiuimba jikoni kwake, polepole, akirudia mstari wa mvua mara mbili kwa sababu aliupenda, na pale sauti ilipokwama aliisubiri, kisha akaendelea. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo machozi yakinichuruzika, ninaogopa hata kuyafuta kwa kuwa sweta langu lilikuwa na sauti. Alipomaliza akafumbua macho. "Bado haujarudi tu?"

Nikamwambia mara ile ile. Nikamwambia umeme haukukatika, na wimbo umeingia. Akamgeukia mume wake, na kwa muda nikadhani atalia au atatupigia kelele kwa kile kidogo alichobakiwa nacho. Akasema, "Wewe ulijua." Bura akajibu, "Sikujua. Nilitaka tu uimbe." Nikamwambia naweza kuufuta, kidole kiko hapa, aseme yeye. Kule dukani Mama Zuhura alikuwa amesimama nyuma ya pazia, tukaona miguu yake. "Usifute," Mama Paulo alisema mwishowe. "Ila mimi sitausikiliza." Akauimba tena mara ya pili, safari hii amekaa sawasawa kama kanisani, na ilikuwa nzuri, lakini Bura alipoulizwa iwekwe ipi, aliomba ile ya kwanza, na maneno yake yaachwe kama yalivyo. Nilichoma sahani mbili. Mama Zuhura akatoa kile kitambaa cha maua ya zambarau kabatini, akazifunga sahani ndani yake, akampa Mama Paulo mkononi. "Hiki ndicho kinachotakiwa kufunikwa," alisema.

Walirudi karibu na mwisho wa mwaka. Alikuwa na kovu jembamba shingoni na hakuvaa mtandio. Nikamwamkia, naye akaniitikia "Marahaba, Vero," kwa sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo sikuijua. Nilishtuka, na aliona nimeshtuka. Mama Zuhura ndiye aliyeokoa hali. Alimtazama juu mpaka chini akasema, "Alhamdulillahi, sasa utasimama safu ya wanaume, uwafundishe kuimba." Mama Paulo alicheka, na kicheko kilikuwa kile kile cha zamani, kwani kisu hakikukifikia. Hakurudi kuimba mbele. Akawa mwalimu wa kwaya kwa miaka yote iliyobaki, anaongoza kwa mikono, na vijana wake wanasema hawajawahi kuona mtu anayesikia kosa dogo kama yeye. Mama Zuhura alifariki miaka kadhaa baadaye. Kompyuta ile tuliifanyia kazi mpaka ikachakaa kila kitu isipokuwa kile kipoza, ambacho ninacho dukani, nawaonyesha vijana ninapowafundisha kwamba ushauri wa Arusha ni mzuri, lakini wauulize kwanza hali ya hewa.

Asubuhi ya mazishi, kabla ya watu kujaa, mzee Bura alinivuta pembeni. Aliniambia marehemu aliacha maagizo kwa Paulo. "Alisema siku ya kunizika muweke wimbo wangu. Ule wa umeme kukatika. Akasema mkiimba mstari wa mvua mara moja mnakosea, mimi niliurudia." Bura akanitazama. "Vero, mimi sikuwahi kumsikilizisha. Miaka yote sahani ilikuwa kabatini, kwenye kitambaa cha yule mama. Kumbe nikienda shamba alikuwa anaisikiliza." Aliyasema hayo bila uchungu wowote, kwa mshangao tu, na mimi nilifurahi sana. Yule aliyeogopa kufa nyumbani kwake alikuwa ameikaribisha sauti yake mwenyewe, akakaa nayo, wakazoeana.

Kwa hiyo tulipokuwa pale kaburini, na kijana anaendelea kuvuta waya za spika, nilinyoosha mkono nimwambie aache. Sikuwahi. Kutoka kwenye spika ikatoka pumzi, mate yakamezwa, na sauti ndogo, safi, ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ikauliza juu ya vichwa vya watu wote wale:

"Mbona kimya? Umeme umekatika?"

Kijana wa waya akaruka nyuma. Shangazi mmoja akashika mdomo. Na kabla Bura wa kwenye spika hajajibu, mzee Bura aliyekuwa kando yangu, fimbo yake ikiwa magotini, macho yake kwenye udongo mbichi, alimjibu mwenyewe.

"Endelea tu, Mama Paulo."